Asilimia za Montana, gramu za Geita

Kijiti cha pemba hakina cha kutisha ukikitazama. Ni udongo mfinyanzi uliokandwa, ukaviringishwa kwa kiganja na kukaushwa mpaka ukawa mgumu, unauzwa dukani jirani na viberiti na chumvi. Ukiung'ata unakatika kwa mlio mkavu, halafu unaanza kulainika ulimini. Anayeupenda atakwambia kinachomvuta ni harufu, ile ya mvua ya kwanza ikigusa vumbi, na mimba ikishaingia hamu hiyo haibishani na mtu.

Mwaka 2012 mtafiti Elias Nyanza na wenzake waliwahoji wajawazito 340 waliohudhuria kliniki sita za serikali wilayani Geita, eneo la machimbo ya dhahabu nchini Tanzania. Kati yao 155, yaani asilimia 45.6, walisema wanakula udongo. Wengi wa hao, 107, walikuwa wakinunua pemba madukani; 48 waliobaki walikula udongo wa kichuguu. Waliosema wanakula mara mbili au tatu kwa siku walikuwa 101. Pemba iliyoliwa ilikadiriwa kuwa wastani wa gramu 62.5 kwa siku. Namba hiyo naomba msomaji aishike, maana ndiyo itakayotusumbua mpaka mwisho.

Udongo ulipopimwa, aseniki, ambayo ni sumu, ilikutwa kwenye pemba na kwenye kichuguu pia. Ikapigwa hesabu ya kinachomezwa kwa siku, ikalinganishwa na kiwango cha ATSDR, wakala wa Marekani unaoshughulikia sumu na magonjwa yatokanayo nazo. Aseniki ya kichuguu ilivuka mpaka, ya pemba haikuvuka. Shaba na manganizi zilivuka kwenye vyote viwili, kwa hiyo asije mtu akatangaza kwamba pemba imesafishwa jina.

Utafiti ule ulichapishwa mwaka 2014 na ulikuwa kazi ya maana, kwa sababu kabla ya hapo tulikuwa tukiongea kwa kukisia. Lakini hesabu ya aina hiyo huanzia kwenye jumla ya aseniki iliyomo kwenye udongo, na jumla hiyo huchukuliwa kana kwamba yote itaingia mwilini. Maabara inapotafuta jumla huuchemsha udongo kwenye asidi kali inayovunjavunja karibu kila kitu. Hakuna tumbo la binadamu lenye asidi ya namna hiyo. Aseniki iliyofungiwa ndani ya punje ya jiwe inaweza kuingia mdomoni, ikapita tumboni na utumboni, ikatoka chooni vilevile ilivyoingia. Nyingine, iliyojishikiza juu juu ya chembe za udongo, huachia mara ikikutana na maji ya tumboni, ikapenya ukuta wa utumbo na kufika kwenye damu. Cheti cha maabara huziandika zote mbili kwa namba moja.

Ndiyo maana kuna wanasayansi waliotumia zaidi ya miaka 30 wakiuliza swali moja: kati ya aseniki iliyomo kwenye udongo aliomeza mtu, ni kiasi gani kinaingia?

Swali hili huulizwa kwa namna ya pekee, na namna hiyo ina sababu yake. Mengi tunayoyajua kuhusu madhara ya aseniki kwa binadamu yametoka kwenye maji. Wanakijiji wa kusini-magharibi mwa Taiwan walikunywa maji ya visima virefu yenye aseniki kwa miongo mingi, wakaanza kuonekana na madoa ya ngozi, saratani, na ugonjwa wa miguu kuwa myeusi na kuoza. Baadaye ikaja Bangladesh na visima vyake vya mabomba. Viwango vingi vya hatari tunavyovitumia leo vimejengwa juu ya maji kama hayo, na aseniki iliyoyeyuka kwenye maji huingia mwilini karibu yote. Kwa hiyo mtaalamu wa udongo huuliza kwa kulinganisha: mikrogramu 100 za aseniki zilizomo kwenye udongo huu ni sawa na mikrogramu ngapi zilizoyeyuka kwenye maji? Jibu likiwa 30, ufyonzwaji linganishi wa udongo huo ni asilimia 30.

Mji mmojawapo uliolipa swali hili uzito wa kifedha ni Anaconda, jimboni Montana nchini Marekani. Kwa karibu karne moja paliyeyushwa shaba pale, na bomba la moshi la kiwanda, lenye urefu wa mita 178 hivi, bado limesimama mpaka leo. Shaba ya eneo lile ilikuja na aseniki, aseniki ikapanda na moshi, ikashuka kwenye nyua za watu. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, na mwaka 1983 eneo likaingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo yaliyochafuliwa kupita kiasi. Ikabaki kazi ya kuamua ua upi uchimbwe na upi uachwe.

Hapo ndipo asilimia inapogeuka kuwa fedha. Udongo na vumbi la Anaconda walilishwa sungura, kisha miaka ya 1990 tumbili, mkojo wao ukapimwa. Kwa tumbili, aseniki ya udongo ilifyonzwa takriban moja ya tano tu ya ile iliyotolewa kwenye maji. Vumbi la ndani ya nyumba lilizidi kidogo udongo wa nje, jambo ambalo wanaopanga usafishaji hawapaswi kulisahau, kwa sababu mtoto hutambaa sakafuni kabla hajajua kucheza uani. Mwishowe nyua za makazi zikawekewa mpaka wa miligramu 250 za aseniki kwa kila kilo ya udongo. Kwa macho ya mtu aliyezoea viwango vya udongo safi, namba hiyo ni kubwa. Inavumilika ukikubali kwamba sehemu ndogo tu ndiyo inayoingia mwilini.

Tuipige hesabu hiyo. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, limekuwa likichukulia kwamba mtoto mdogo humeza miligramu 200 za udongo na vumbi kwa siku, bila kukusudia: mikono, midoli, tonge lililodondoka likaokotwa. Miligramu 200 za udongo wenye miligramu 250 kwa kilo zinabeba mikrogramu 50 za aseniki. Moja ya tano yake ni mikrogramu 10, sawa na lita moja ya maji yanayogusa mpaka wa Shirika la Afya Duniani. Asilimia hiyo ikiwa 60, mtoto yuleyule katika ua uleule anapata 30. Hakuna kilichobadilika isipokuwa namba moja kwenye fomula, na namba hiyo ndiyo inayoamua malori mangapi ya udongo yaondoke mjini na nani alipe. Yeyote anayesoma tafiti hizi bila kujiuliza nani ana maslahi kwenye asilimia ndogo anazisoma nusu.

Tumbili ni ghali na wana utata wake, kwa hiyo kazi kubwa ikahamia kwa nguruwe wadogo, ambao tumbo na utumbo wao vinakaribiana na vya mtoto wa binadamu. Udongo hufichwa ndani ya donge dogo la chakula kilicholowanishwa, nguruwe hupewa saa mbili kabla ya mlo ili tumbo liwe karibu tupu, na zoezi hurudiwa kila siku kwa takriban wiki mbili. Mkojo hukusanywa kwa vipindi vya saa 48. Kwa nini mkojo? Kwa sababu aseniki ikishaingia kwenye damu hupita kwenye ini, hubadilishwa umbo, na sehemu kubwa hutolewa na figo ndani ya siku chache. Nguruwe wengine hupewa aseniki inayoyeyuka kabisa kwenye maji. Ukigawanya kilichotoka kwenye mkojo wa walaji wa udongo kwa kilichotoka kwa wenzao, kwa dozi zilizo sawa, unapata ufyonzwaji linganishi.

Mwaka 2012 EPA ilikusanya matokeo ya nguruwe, tumbili na panya kutoka aina nyingi za udongo, ikakuta kwamba sampuli chache sana, chini ya asilimia 5, zilivuka asilimia 60. Ikaweka asilimia 60 kuwa namba ya kuanzia pale ambapo hakuna kipimo cha udongo wenyewe. Ni uamuzi wa tahadhari, nami naona ni wa busara: kama hujapima, chukulia karibu ubaya wote. Binadamu nao wamejaribiwa, ingawa kwa nadra. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa watu wazima wachache udongo uliotoka kwenye josho la zamani la ng'ombe huko Florida, na wastani wa karibu nusu ya aseniki ukafyonzwa. Msomaji wa Afrika Mashariki asiichukulie Florida kuwa mbali. Dawa za aseniki zilitumika kwenye majosho ya kwetu pia enzi za ukoloni, na josho la zamani likishafukiwa hugeuka kiwanja kama viwanja vingine.

Kisha ikaja chupa. Baada ya miaka ya kulinganisha matokeo ya wanyama na ya maabara, mwaka 2017 EPA ilikubali rasmi kipimo kisichohitaji mnyama. Udongo huchekechwa kupata chembe zilizo chini ya mikromita 150, kwa kuwa hizo ndizo zinazong'ang'ania viganjani mwa mtoto. Gramu 1 hutiwa kwenye mililita 100 za maji yenye glaisini na asidi, pH 1.5, ukali wa tumbo lililofunga. Chupa huzungushwa kichwa chini miguu juu kwa saa moja kwenye joto la nyuzi 37. Maji huchujwa, aseniki iliyoyeyuka hupimwa. Asilimia inayopatikana huzidishwa kwa 0.79, inajumlishwa 3, na hapo una makadirio ya kile ambacho mnyama angefyonza. Chupa ikiyeyusha asilimia 20, jibu ni karibu 19.

Kwangu mimi hiki ni mojawapo ya vipimo vizuri katika sayansi ya mazingira. Ni rahisi, kinarudiwa na maabara tofauti na kutoa jibu lilelile, na kimeunganishwa na viumbe hai badala ya kuachwa kielee hewani. Waingereza na majirani zao wa Ulaya walipita njia nyingine yenye hatua zaidi: mate, tumbo, halafu utumbo pamoja na nyongo. Walihitaji, kwa sababu kusini-magharibi mwa Uingereza, Devon na Cornwall, kuna mabaki ya migodi iliyowahi kuuza aseniki kwa dunia nzima, na kwingineko, kama Lincolnshire, kuna udongo wenye chuma kingi ambao kwa asili yake una aseniki ya kutisha kwenye karatasi, lakini chupa inaonyesha kwamba kiasi kidogo sana huachia. Huo udongo wa chuma ni somo zuri. Bila kipimo hiki, watu wangeambiwa bustani zao ni sumu kwa sababu ya namba ambayo mwili hauioni.

Basi turudi Geita, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani tunaweza kuazima jibu.

Kishawishi kinaeleweka. Mtu ana jumla ya aseniki ya kichuguu, anaona ni ya juu, anasoma kwamba udongo wa Anaconda uliachia moja ya tano, anazidisha, namba inashuka, anapumua. Mwingine anaona ile 60 ya EPA, anazidisha, namba inabaki juu, anaandika kichwa cha habari. Wote wawili wamechukua asilimia iliyopatikana kwa udongo mwingine, na kibaya zaidi, kwa ulaji mwingine.

Tuanze na udongo. Dhahabu ya ukanda wa Ziwa Victoria huandamana na madini ya salfa yenye aseniki, hasa asenopairaiti. Punje ya asenopairaiti iliyo nzima haiyeyuki kwa urahisi tumboni. Lakini jiwe likishatolewa duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji, likapita kwenye karasha na kuwa unga, likaoshwa mwaloni na kumwagwa kama marudio, yale mabaki ya unga uliooshwa, hewa na mvua huanza kuivunja salfa. Aseniki hutoka pale ilipokuwa imejifungia na kuhamia kwenye kutu ya chuma iliyotanda juu ya chembe, mahali ambapo asidi ya tumbo inaifikia kwa urahisi zaidi. Rundo la marudio la mwaka huu na lilelile baada ya masika kumi linaweza kuwa na jumla ileile ya aseniki na ufyonzwaji tofauti kabisa. Asilimia ya udongo, kwa maneno mengine, ina umri.

Kichuguu nacho kina tabia yake. Mchwa hupandisha udongo laini kutoka chini na kuujenga juu, na watafuta dhahabu barani Afrika wamekuwa wakichukua sampuli za vichuguu kwa sababu hiyohiyo, maana kichuguu hueleza kilicho chini bila mtu kuchimba. Na mojawapo ya alama wanazozitafuta maabara, alama inayoashiria kwamba dhahabu haiko mbali, ni aseniki. Ukiiweka hiyo kando ya wale wajawazito 48, matokeo ya Geita hayashangazi hata kidogo. Udongo ambao mjiolojia anauona kuwa taarifa, mwenzake anauona kuwa kitafunwa.

Sasa ulaji. Kipimo cha chupa kilitengenezwa kwa ajili ya mtoto mwenye vumbi mikononi: miligramu 200, chembe chembe, siku nzima. Gramu 62.5 ni zaidi ya mara 300 ya hiyo. Na Geita si kituko. Huko Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwahoji wajawazito 275; asilimia 56 walikuwa wakila udongo mara kwa mara, wengi wao wakiubandua kwenye kuta za nyumba, na wastani ulikuwa gramu 41.5 kwa siku. Tunazungumzia makumi ya gramu, pwani na bara, kwa miaka mingi.

Kiasi hicho kinabadilisha mambo mawili. La kwanza ni hesabu tupu. Chukua udongo wa kawaida, usio wa mgodini, wenye miligramu 5 za aseniki kwa kilo, ambacho ni kiwango cha udongo mwingi duniani na kingepita salama kwenye mipaka ya usafishaji ya Montana. Mama anayekula gramu 62.5 za udongo huo anameza mikrogramu 312 kwa siku. Anayekunywa lita mbili za maji yaliyogusa mpaka wa Shirika la Afya Duniani anapata 20. Ili udongo ulingane na maji hayo, ufyonzwaji wake usizidi asilimia 6 na ushei. Ukiwa 10, ambayo Marekani ingeonekana habari njema, mama amepata 31. Ukiwa 60, amepata 187. Nimechukua hiyo miligramu 5 kama mfano tu. Pemba ya Geita haikuvuka mpaka, kwa hiyo aseniki yake lazima ilikuwa chini sana ya hapo. Lakini mfano unaonyesha kwamba kwa mlaji wa udongo maneno "asilimia ndogo" hayana faraja yoyote, na kwamba "udongo safi" kwa maana ya Wamarekani haukuandikwa akiwa amefikiriwa yeye.

La pili ni la kikemia, na ndilo linalonifanya nisiiamini fomula ile ya 0.79 kwenye suala hili. Ndani ya chupa kuna gramu 1 ya udongo kwa mililita 100 za asidi. Asidi imejaa tele, udongo hauwezi kuishinda, na kanuni za kipimo zinadai pH isiondoke mbali na 1.5. Mama aliyemaliza gramu 20 au 30 za mfinyanzi kwa mkao mmoja ana udongo mwingi zaidi na maji kidogo kwa kila gramu. Mfinyanzi hupooza asidi. Ndiyo sababu mojawapo inayotajwa ya wenye kichefuchefu na kiungulia kuukimbilia. Asidi ikipoa, kutu ya chuma huyeyuka kidogo zaidi, na aseniki iliyoshikwa humo huenda ikabaki. Kwa upande mwingine, udongo unaposhuka kwenye utumbo, ambako pH imepanda na kuna fosfeti ya chakula, aseniki inaweza kusukumwa kutoka kwenye chuma hata bila asidi kali, kwa kuwa fosfeti na aseneti, mojawapo ya maumbo ya aseniki, hugombania nafasi zilezile. Chupa ya tumbo peke yake haiioni hatua hiyo. Kwa hiyo asilimia ya kweli ya mla pemba inaweza kuwa chini ya ile ya Montana au juu yake, na hakuna hoja ya mezani itakayotuambia ni ipi.

Halafu kuna upande ambao aseniki haihusiki nao moja kwa moja. Mfinyanzi ule ule unaoweza kushika aseniki unaweza kushika madini ya chuma na zinki ya chakula, na majaribio ya maabara kwenye udongo unaoliwa yameonyesha hivyo. Mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu asubuhi na pemba mchana huenda anaupa udongo kile alichokifuata kliniki. Kwa hiyo hata siku chupa itakapotangaza kwamba aseniki ya pemba haiachii, kushika huko huko ndiko kutakakokuwa tatizo lingine. Sioni namna ambavyo mfinyanzi unaweza kuchagua kushika kibaya na kuachia kizuri kwa heshima ya mama.

Nini kifanyike? Wengi watasema tuwaambie waache. Tumewaambia miaka yote, kliniki na redioni, na karibu nusu ya waliohojiwa Geita walikuwa bado wanakula. Mimi ningeanza na lile ambalo takwimu za mwaka 2014 tayari zinaliruhusu: kumuuliza mama anakula udongo wa wapi. Kati ya kijiti kilichotoka kwenye mfinyanzi wa mbali na donge lililobanduliwa kwenye kichuguu kilicho jirani na duara la dhahabu kuna tofauti ambayo muuguzi anaweza kuifanyia kazi leo, bila kusubiri chupa wala nguruwe. Anayekula kichuguu cha machimboni aelezwe waziwazi kwamba udongo ule ulivuka mpaka wa aseniki, na kwamba aseniki hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Hiyo ni taarifa mahususi. "Udongo ni mchafu" si taarifa, ni karipio.

Kwa watafiti, ningependa kipimo kitengenezwe kwa ajili ya kinachotokea mdomoni mwa mama huyu. Chukua pemba na kichuguu chenyewe, usiazime sampuli sanifu kutoka nje. Weka gramu 20 kwenye kiasi cha maji kinachofanana na tumbo, acha mfinyanzi uipooze asidi kama unavyofanya kweli, halafu endelea hadi hatua ya utumbo, ukiwa umetia na ugali. Vifaa vya kuyeyusha na kuchuja ni vya kawaida. Mashine ya kupima aseniki kwa kiwango cha chini ndiyo yenye gharama, na nchi haikosi maabara za namna hiyo.

Lakini kama fedha ni ya jambo moja tu, ningeiweka kwenye mkojo. Nyanza na timu yake baadaye walikwenda huko: walifuatilia karibu wajawazito elfu moja kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo kaskazini mwa Tanzania, wakipima aseniki na zebaki na kuangalia matokeo ya uzazi. Njia hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na swali letu. Watafute wanawake wa kijiji kimoja, wanaochota maji kisima kimoja, nusu wanakula udongo na nusu hawali, na uwapime wote. Maji yakiwa yaleyale, tofauti inayobaki kwenye mkojo imetoka kwenye udongo. Lazima maabara itenganishe aina za aseniki, kwa kuwa samaki wa baharini wana aina isiyo na madhara inayoweza kuipandisha jumla bure na kumtia mtu hofu kwa sababu ya kitoweo cha jana. Lazima pia sampuli irudiwe, kwa sababu mkojo unasimulia siku chache zilizopita na hamu ya udongo hupanda na kushuka kadiri mimba inavyokua. Kucha za miguu, ambazo hutunza kumbukumbu ya miezi, zingesaidia kuthibitisha.

Utafiti wa namna hiyo ungetupa kitu ambacho hakuna jedwali la EPA linaloweza kukitoa: asilimia iliyopimwa kwa tumbo la mama mwenyewe, kwa gramu anazokula yeye, kwa udongo wa kwao. Mpaka hapo, kila atakayezidisha gramu 62.5 kwa asilimia ya Anaconda, iwe kwa kututuliza au kututisha, aulizwe kwanza kama yule tumbili alikula pemba.